Sifa ya Mwenye Penseli

Chuo Kikuu cha Texas, kilichopo Austin, kina timu ya besiboli yenye kitabu kinene cha kumbukumbu. Mataji sita ya taifa yamo humo: 1949, 1950, 1975, 1983, 2002 na 2005. Hakuna chuo kingine kilichofika mara nyingi zaidi kwenye mashindano ya mwisho ya vyuo, yale yanayochezwa Omaha, Nebraska, tangu 1950. Kocha Billy Disch yumo, aliyeshika timu kuanzia 1911 hadi 1939. Bibb Falk yumo pia, mchezaji wa Disch aliyekwenda Chicago kuirithi nafasi ya Joe Jackson katika White Sox baada ya kashfa ya fainali za 1919, kisha akarudi nyumbani kufundisha na kutwaa yale mataji mawili ya mwanzo. Uwanja wa leo unaitwa kwa majina yao wawili. Wote hao wamesifiwa vya kutosha. Mimi namsifu yule aliyekaa pembeni na penseli, ambaye jina lake halimo.

Sisi tuliokulia kwenye soka hatumjui mtu huyu. Dakika tisini zikiisha, karatasini hubaki magoli, wafungaji, kadi na waliobadilishwa. Pasi mia nne zimekwenda na upepo. Besiboli haiachi kitu kiende hivyo. Kila mpigaji anaposimama mbele ya mrushaji, mwandishi ana kisanduku kimoja kitupu kwa ajili yake, na lazima kijazwe. Walinzi tisa wana namba: mrushaji 1, mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji 2, mlinzi wa kituo cha kwanza 3, wa pili 4, wa tatu 5, anayesimama kati ya cha pili na cha tatu 6, na watatu wa mbali 7, 8 na 9. Ukikuta 6-4-3, umeliona tukio zima: mpira umebingirika hadi kwa namba 6, akamrushia 4 aliyegusa kituo cha pili na kumtoa mkimbiaji aliyekuwa akitoka cha kwanza, naye akaupeleka kwa 3 kabla mpigaji hajafika. Watu wawili wametoka kwa tarakimu tatu. Aliyekosa mara tatu huandikiwa K. Aliyesimama kama mlingoti huku mpira wa kosa la tatu ukimpita bila kuinua gongo huandikiwa K iliyogeuzwa nyuma mbele. Napenda ukatili huo mdogo.

Mbinu hii ina mizizi katika kriketi. Henry Chadwick alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, akahamia Brooklyn angali mtoto, akawa mwandishi wa magazeti aliyeripoti kriketi kabla ya kuipenda besiboli. Mwaka 1859 alitoa jedwali la mchezo lililokuja kuwa mama wa majedwali yote. Mwaka huohuo, tarehe 1 Julai, vyuo viwili vilikutana kwa mara ya kwanza katika mchezo huu, mjini Pittsfield, Massachusetts. Amherst iliifunga Williams 73 kwa 32. Namhurumia aliyekuwa akihesabu siku hiyo.

Lakini uzuri wa kazi hii hauko kwenye alama, uko kwenye mizania. Mchezo ukiisha, mwandishi hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Anajumlisha zamu rasmi za kupiga, waliopewa kituo bure, waliogongwa na mpira na waliojitoa mhanga ili mwenzao asogee. Upande wa pili anajumlisha mikimbio iliyofungwa, wachezaji walioachwa vituoni na wapinzani waliotolewa. Pande mbili lazima zilingane, kama daftari la mwenye duka siku ya kufunga hesabu. Sababu yake ni nyepesi na inanifurahisha kila nikiifikiria: mtu akishachukua gongo ana njia tatu tu za kuishia. Atarudi kituo cha nyumbani na kuhesabiwa mkimbio, atatolewa, au atabaki vituoni zamu ikiisha. Ikizidi hata moja, kuna mtu amesahauliwa, na mwandishi anarudi ukurasa wa kwanza kumtafuta.

Pia ni hakimu. Mpira mkali umempiga mlinzi mkononi ukadondoka: ni sifa ya mpigaji au kosa la mlinzi? Kanuni inamwambia aangalie kama mlinzi angeweza kuudaka kwa juhudi za kawaida, na kawaida ni ipi, aamue mwenyewe. Mwaka 1950, kule Omaha, Jim Ehrler wa Texas aliifanya Tufts imalize mchezo bila kupata hata pigo moja halali, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya katika mashindano hayo. Sifuri ya namna hiyo ni ya mrushaji, ndiyo, lakini haikamiliki mpaka mwandishi akubali kuiandika.

Kuna yasiyoingia kisandukuni. Uwanja wa zamani wa Texas, Clark Field, ulikuwa na mwamba wa chokaa ndani ya eneo la kuchezea, upande wa mbali, na watu waliuita kilima cha beberu. Mpira ukitua juu yake, mchezo uliendelea. Mlinzi wa nyumbani alijua kijia cha kupandia, mgeni alihangaika chini. Ukurasa utakwambia mpigaji alifika kituo cha tatu. Mwamba hausemwi. Hapo ndipo ninapowatetea wazee wanaosimulia, kwa sababu kitabu peke yake hakitoshi.

Ila tarehe 30 Mei 2009 kitabu kilitosha, tena kilifurika. Texas na Boston College, katika mashindano ya vyuo, walianza jioni, kiasi cha saa kumi na mbili, na saa saba ya usiku ilipita wangali uwanjani. Mchezo wa kawaida una awamu 9. Huu ulikwenda 25, mrefu kuliko wowote wa vyuo. Tangu awamu ya 10 hadi ya 24 mwandishi aliandika sifuri, sifuri, sifuri, kwa pande zote mbili. Austin Wood wa Texas aliingia awamu ya saba akarusha awamu 13, mipira 169, na katika awamu 12 na theluthi moja za mwanzo hakuna aliyepata pigo halali dhidi yake. Hiyo theluthi ni mtu mmoja aliyetolewa. Hata yeye kahesabiwa. Mike Belfiore wa Boston College alijibu kwa mipira 129. Ushindi wenyewe uliandikwa kwa jina la mrushaji mwingine, maana Wood alikuwa ameshatoka, na kanuni haijui huruma.

Travis Tucker ndiye aliyepiga mpira ulioleta mkimbio wa ushindi, 3 kwa 2. Texas ilikuwa Austin, kwenye uwanja wake, mbele ya mashabiki wake, lakini kwa mpangilio wa mashindano iliandikwa mgeni, na mgeni hupiga kwanza. Kwa hiyo mkimbio huo haukumaliza kitu. Boston College walikuwa bado na zamu yao ya 25, na mwandishi, baada ya saa saba za kazi, alikuwa bado ana visanduku vya kujaza.