Evaristo Muyinda na Utata wa Neno Zeze

Kumwita Evaristo Muyinda mpiga zeze ni kumpunguza. Mwanamuziki huyu wa kasri la Kabaka wa Buganda alipiga endingidi, ala ya uzi mmoja inayosuguliwa kwa upinde, lakini pia filimbi, ngoma na marimba ya amadinda (neno marimba nalo lina mgogoro wake). Gerhard Kubik, aliyejifunza amadinda kwake, alimkuta mwalimu anayeweza kuuhamisha wimbo uleule kutoka ala moja hadi nyingine. Ubingwa wake umo humo, si katika idadi ya ala. Kasri lilishambuliwa mwaka 1966, falme zikafutwa mwaka uliofuata, na wanamuziki wake wakatawanyika. Maarifa yaliyosalia yalisalia kwa walimu wa namna yake.

Utata wa jina huonekana vizuri zaidi ukitazamwa kutoka Gisenyi. Kwa Kinyarwanda, ndugu wa endingidi huitwa iningiri. Ng'ambo ya mpaka, mashariki mwa Kongo, zeze ni ala ya kupigwa kwa vidole. Kwa Wagogo wa Dodoma, zeze husuguliwa kwa upinde. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, mwalimu wa Rubavu anahitaji kamusi inayotenganisha ala hizo. Fasili ya "ala ya nyuzi" haimsaidii hata kidogo. Heri iningiri na endingidi ziingizwe kamusini kwa majina yake, kila moja ikielezwa inavyoundwa na inavyopigwa.