Jinsi Shajara ya Martha Ballard Ilivyosomwa

Shajara ya Martha Ballard inaanza Januari 1785 na kukoma Mei 1812. Katika miaka hiyo 27, mwanamke huyu wa Hallowell, mji mdogo kando ya mto Kennebec huko Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, aliandika karibu kila siku. Maandishi yake ya siku moja moja yanakaribia 10,000. Humo mna hali ya hewa, wageni waliofika, wagonjwa, nguo zilizofuliwa na maharagwe yaliyopandwa. Mna pia watoto zaidi ya 800 aliowapokea kwa mikono yake akiwa mkunga. Alipofariki mwaka 1812, akiwa na umri wa miaka 77, gazeti la huko lilimpa sentensi moja tu, likimtaja kuwa mke wa Ephraim Ballard. Kazi yake haikutajwa.

Shajara yenyewe ilinusurika kwa sababu wanawake wa ukoo waliitunza. Ilirithiwa na binti yake Dolly, ikapita kwa mabinti wa Dolly, na mwaka 1884 ikafika kwa kilembwe aitwaye Mary Hobart, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amehitimu udaktari. Hobart aliikabidhi Maktaba ya Jimbo la Maine mwaka 1930. Wanahistoria walijua kwamba ipo. James North, aliyechapisha historia ya mji jirani wa Augusta mwaka 1870, aliitaja na kuona kuwa sehemu kubwa ya maandishi yake ni mafupi na hayamhusu msomaji wa kawaida. Waliomfuata walifanya kama yeye: walichota mauaji, mafuriko na kesi za mahakamani, wakaacha ufuaji na upandaji. Lawama si yao peke yao. Anayeifungua shajara hii kwa mara ya kwanza hukutana na ukurasa baada ya ukurasa wa mambo yanayofanana, na usingizi humnyemelea mapema.

Laurel Thatcher Ulrich, mwanahistoria aliyeandika A Midwife's Tale mwaka 1990 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, aliishika kazi kwa upande mwingine. Yeye aliona kuwa huko kujirudia ndiko kwenye habari. Kisichofaa kusimuliwa kinaweza kuhesabiwa, na Martha alikuwa amemrahisishia kazi bila kujua. Kurasa zake zilipigwa mistari kwa mkono, mithili ya daftari la duka. Pembeni kulikuwa na tarehe. Uzazi ulipewa namba kwa mfuatano wa mwaka. Malipo ya mkunga, kwa kawaida shilingi 6, yaliwekewa alama yalipolipwa. Mara nyingi shilingi hizo zilikuja kwa sura ya vyakula au bidhaa nyingine. Mtu anayetunza hesabu hivyo hachezi. Anaendesha kazi na anajua anamdai nani.

Kila sura kati ya sura 10 za kitabu inatanguliwa na kipande cha shajara kilichonakiliwa kama kilivyo, kisha ndipo uchambuzi unapofuata. Mpangilio huu una maana yake: msomaji anaiona malighafi kwanza na anaweza kumbishia mwandishi. Sura ya kwanza inachukua wiki tatu za Agosti 1787, wakati homa ya koo na vipele ilipokuwa ikiua watoto mjini. Kati ya tarehe 3 na 24, Martha alizalisha wanawake wanne, akaitwa mara moja kwa uchungu ambao haukuwa wa kweli, akatembelea wagonjwa mara 16, akaandaa maiti tatu kwa mazishi, akagawa vidonge, akachuma dawa za miti na kumtibu mumewe koo. Hakuna siku hata moja kati ya hizo ambayo mtu angeiita ya kihistoria. Zikijumlishwa, zinaonyesha mwanamke aliyekuwa tabibu, mfamasia na mwosha maiti wa mtaa mzima.

Sehemu yenye nguvu zaidi ya kazi hii inahusu nguo. Katika nyumba za mashambani za wakati ule, kitani kilipandwa, kikachambuliwa, kikasokotwa na kufumwa na wanawake wenyewe. Martha alitaja kila hatua: nani alisokota, uzi ulipelekwa kwa jirani gani, mtande umetegwa lini. Ulrich aliweka kumbukumbu za ufumaji sambamba na zile za uzazi, na hapo jambo likajitokeza ambalo Martha hakuliandika popote. Ukunga wake ulishamiri katika miaka ambayo mabinti zake Hannah na Dolly, pamoja na wapwa waliokuwa wakiishi hapo, walikuwa wakubwa kiasi cha kushika gurudumu la kusokotea na kitanda cha kufumia. Mama aliweza kuvuka mto usiku na kukaa siku mbili kwa mzazi kwa sababu nyumbani kazi ilikuwa ikiendelea. Hannah aliolewa mwaka 1792, Dolly mwaka 1795. Kuanzia hapo shajara inajaa malalamiko juu ya wasichana wa kazi wasiokaa, na Januari 1796 anaandika kwamba amerudi akakuta nyumba shaghalabaghala. Mikono ya vijana ilipoondoka, ukunga nao ukabanwa na jiko.

Shajara peke yake isingetosha. Ulrich aliambatanisha kila jina na orodha za kodi, hati za ardhi, kumbukumbu za mahakama na shajara nyingine ya Hallowell, ile ya Henry Sewall. Tofauti inajieleza. Sewall ana mengi ya dini na shughuli za wanaume. Uchumi wa wanawake, wa uzi, bata, siagi na zamu za kuuguza, haumo. Mji ni uleule, miaka ni ileile.

Hesabu iliibua pia jambo ambalo wazee wa mji wasingependa kulitangaza. Kati ya mwaka 1785 na 1797 Martha aliwazalisha wanawake 106 uzazi wao wa kwanza. Mimba 40 kati ya hizo, asilimia 38, zilitungwa kabla ya ndoa. Kwa desturi ya sheria ya Massachusetts, ambayo Maine ilikuwa sehemu yake hadi 1820, mkunga alimuuliza msichana asiyeolewa jina la baba akiwa katikati ya uchungu, na jibu lake lilikubalika kuwa ushahidi. Oktoba 1791 Sally Pierce aliulizwa hivyo, akamtaja Jonathan, mtoto wa mkunga mwenyewe. Martha aliliandika. Miezi minne baadaye wawili hao walioana.

Mbinu hii ina mipaka, na Ulrich anaiheshimu. Mwaka 1769, miaka mingi kabla ya shajara kuanza, dondakoo liliwaua watoto watatu wa Martha kati ya tisa aliozaa, wote katika muda wa wiki tatu. Habari hizo ziko katika kumbukumbu za mji wa Oxford, Massachusetts, alikozaliwa na kuolewa. Katika shajara kuna mstari wa kukumbuka siku tu. Uchungu wake haukadiriwi kwa kuhesabu, na kitabu hakijaribu kuubuni. Mwandishi wa hadithi angeona hilo ni upungufu. Kwa kazi ya historia ni uaminifu. Mwaka 1992, Robert na Cynthia McCausland walichapisha shajara yote, hivyo hesabu za Ulrich zinaweza kukaguliwa na yeyote mwenye subira ya kuisoma.