Ufundi wa Mwenye Mtaji Mdogo

Wacheza poka hawachoki kusimulia kisa cha Jack Straus, mtu wa Texas, katika mashindano makuu ya dunia ya Las Vegas mwaka 1982. Alisukuma chipu zake katikati ya meza, akashindwa, akainuka aende zake. Kumbe chipu moja ya 500 ilikuwa imejificha palepale mezani. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwamba anaweka zote, akaruhusiwa kuendelea. Akaketi tena, akacheza mpaka akatwaa ubingwa na dola 520,000. Tangu hapo wenyewe husema: ukiwa na chipu moja na kiti, bado umo.

Kisa ni kitamu, ila kimewaponza wengi, maana kinasifu kubaki tu. Ufundi ninaousifu mimi ni wa yule asiyesubiri kufikishwa kwenye chipu moja. Msomaji ambaye kwake kamari ni haramu, na pwani yetu wako wengi, simwiti aje kucheza. Hesabu hizi anaweza kuzitazama kama mtu atazamavyo ngumi akiwa nje ya ulingo.

Chukua mashindano madogo ya meza moja: watu 9, kiingilio sawa, chipu 1,500 kwa kila mmoja. Hulipwa watatu wa mwisho tu. Mshindi huchukua asilimia 50 ya fungu lote, wa pili 30, wa tatu 20. Watano wameshatoka, wamebaki wanne. Katika kila mgao wawili kati yao hulazimika kuweka dau kabla ya kuona karata, mmoja 100, mwingine 200. Sasa mtazame dada mmoja aliyeketi na chipu 1,500, kiasi kilekile alichoanza nacho. Ukimhesabia, hana hasara yoyote. Lakini madau yamepanda, na wenzake wamejigawia mali ya waliotoka. Kati ya chipu 13,500 zilizopo mezani, maskini ni yeye.

Dan Harrington, bingwa wa dunia wa 1995, alieneza katika vitabu vyake kipimo kinachoitwa M, kwa heshima ya Paul Magriel, gwiji wa bakgamoni. Unagawa chipu zako kwa jumla ya madau ya lazima ya mzunguko mmoja. Kwa dada yetu ni 1,500 kwa 300, yaani 5. Akikaa kimya mizunguko mitano, ambayo kwa watu wanne ni migao 20, atakuwa amekwisha bila kushindwa na mtu. Madau yakipanda tena, hata hiyo 20 hafiki. Tunaambiwa mvumilivu hula mbivu. Hapa mvumilivu ndiye anayeliwa.

Basi asukume zote, lakini lini? Hapo ndipo penye utamu wa kazi yenyewe. Akisukuma 1,500 sasa hivi, mwenye dau la 200 anatakiwa kuongeza 1,300 ili agombee 1,800 zilizokwisha kuwekwa. Ili asipate hasara ya chipu lazima ashinde mara 42 katika kila 100, na kwa karata ovyo hilo halipatikani. Atazitazama karata zake, atamtazama dada, atatupa. Dada anaokota 300 bila kufunua kitu, nyongeza ya asilimia 20 juu ya mtaji wake, na akifanya hivyo mara moja kila mzunguko amelipa kodi ya kukaa mezani. Lakini tuseme aliogopa, akangoja ree mbili mpaka akabaki na 500. Sasa mpinzani anaongeza 300 tu kugombea 800. Zinamtosha mara 27 katika 100. Hata saba na mbili, karata zinazochekwa kila meza, hushinda ree na mfalme karibu mara moja katika tatu. Kwa hiyo atafuata kwa karata zozote. Dada angali na chipu, ila hana tena cha kumtisha mtu.

Mwandishi wa vitabu vya poka David Sklansky alikwisha eleza kwamba karata za kufuatia dau lazima ziwe bora kuliko za kulianzisha. Anayetangulia hushinda kwa njia mbili: wenzake watupe, au wamfuate na karata zimkubali. Anayefuata ana hiyo ya pili peke yake.

Mashindano huzidisha pengo hilo kati ya anayetangulia na anayefuata, maana chipu si fedha. Ili kukadiria chipu za mtu ni sawa na sehemu gani ya fungu, mwandishi mwingine wa poka, Mason Malmuth, aliingiza kwenye mchezo huu hesabu ambayo mtakwimu David Harville aliichapisha mwaka 1973 kwa ajili ya mbio za farasi. Chukua wanne wenye chipu sawa: kila mmoja anamiliki asilimia 25 ya fungu. Wawili wakivaana kwa chipu zote, mshindi ana chipu maradufu, ila sehemu yake ya fedha imefika 38 na ushei tu, wala si 50. Tofauti imewaendea wale wawili waliokaa pembeni, ambao sasa kila mmoja ana karibu 31 bila kugusa karata. Anayetaka kufuata hapo anahitaji kushinda mara 65 katika 100. Ndiyo maana mwenye mtaji wa kati, aliye karibu na zawadi, ndiye wa kusukumiwa. Tajiri wa meza anaweza kufuata kwa udadisi tu, na aliyekwisha kukata tamaa hatishiki.

Kuna siku hesabu hugeuka. Akiwapo mwingine mwenye chipu 150, ambaye mgao ujao dau la lazima litammaliza, dada hutupa hata karata nzuri na kungoja. Wengi hukiona kitendo hicho kuwa woga. Mimi nakiona kigumu kuliko kusukuma, maana hakuna atakayekiona ili amsifu.

Wakibaki wawili, mizani yote hii huondoka. Asilimia 30 ya wa pili kila mmoja anayo tayari, kinachogombewa ni ile 20 ya juu yake, na kila chipu imerudi kuwa na thamani sawa na nyingine. Dada aliyekuwa akitupa karata nzuri dakika kumi zilizopita, sasa anasukuma kwa zaidi ya nusu ya karata anazopewa.