Mcheza Kwao Hutunzwa: Ziara katika Karakana za Wachonga Nakshi

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeizoea katika ngoma na taarabu, ambako anayecheza au kuimba vyema mbele ya watu wake hutunzwa kwa noti mbele ya kadamnasi. Makala haya yanakusudia kuipeleka mahali ambapo haikuzoea kutajwa, nako ni karakana ya fundi wa nakshi. Swali lenyewe ni jepesi kuliuliza, lakini ni zito kulijibu: mchonga nakshi wa visiwa vyetu, ambaye hucheza kwao kila siku ya Mungu na mlango wake uko wazi, hutunzwa na nani?

Katika nchi za mbali umejengeka mtindo ambao wapenzi wa sanaa wa huku wangefaa kuujua. Wasanii wa mji mmoja au wa jimbo moja hukubaliana siku maalumu, wakafungua kwa pamoja karakana zao, na mara nyingi nyumba zao wenyewe, ili majirani waingie waone kazi inavyofanywa. Huko San Francisco, Marekani, mtindo huu ulianza mwaka 1975. Katika jimbo la Oxfordshire, Uingereza, umekuwapo tangu mwaka 1982. Huchapishwa ramani au kitabu chenye anuani za wasanii, na watu wakazunguka mtaa hadi mtaa. Anayezuru hulazimika kuingia chumbani mwa mtu, kumwamkia, kusimama mbele ya kazi ambayo pengine haijakwisha, na kusema neno. Naam, hilo neno ndilo kiini cha jambo. Mchoro ukitundikwa katika ukumbi, mtazamaji aweza kuupita kimya. Ndani ya karakana kimya huwa kizito, maana mwenyewe amesimama pale na brashi mkononi.

Msomaji wa mwambao huenda akacheka. Atasema: kwetu karakana zilifungwa lini hata zifunguliwe? Na atakuwa amesema kweli. Apitaye Usita wa Mui mjini Lamu, au akishika njia ya ukingo wa bahari, huwaona mafundi wamekaa chini vibarazani, ubao umelazwa mbele yao, patasi mkono wa kushoto na nyundo ya mti mkono wa kulia. Chembe za mbao humwangukia mpita njia miguuni. Watoto wanaotoka chuoni husimama wakatazama, kisha wakaenda zao. Hapana pazia, hapana kiingilio, wala hapana siku maalumu.

Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na kuingia ni jambo jingine. Katika karakana nilizozizuru, niliyaona haya mara kwa mara: jirani hupita, husalimu, huuliza hali ya wazee na ya watoto, kisha hwenda sokoni. Aingiaye ndani, akainama, akagusa ubao na kuuliza bei ni mgeni. Hivyo fundi hupata salamu kutoka kwa watu wake, na hupata hukumu kutoka kwa watu wasiomjua. Nami nasema kwamba hapo ndipo penye maradhi ya sanaa hii. Sanaa haifi kwa kukosa mafundi peke yake. Hufa vilevile kwa kukosa wajuzi wa kuihukumu.

Tutazame ndani, basi. Ukutani mwa karakana ya nakshi hutundikwa vipande vya karatasi ngumu au vya ubao mwembamba vilivyokatwa kwa umbo la jani, la ua au la mzabibu unaojipinda. Hivi ndivyo vigezo. Fundi hukilaza kigezo juu ya ubao, akakizungushia kalamu ya risasi, akakihamisha mbele, akarudia, mpaka ubao wote ukajaa mstari mmoja usiokatika. Hapo ndipo patasi huingia. Huondolewa kwanza mbao iliyouzunguka mstari, ili ua lisimame juu na ardhi yake ibaki chini. Kisha huja kazi ya kulipa jani mgongo na mshipa, na mwisho msasa. Kigezo hakimfanyi mtu fundi, kama vile kujua vina na mizani kusivyomfanya mtu malenga. Kigezo humwonyesha mahali pa kuanzia. Kipimo cha ufundi ni pale mzabibu unapofika pembeni mwa mlango na lazima ugeuke: je, umegeuka kwa hiari yake, au umekatwa kwa sababu ubao umekwisha?

Lugha yetu yenyewe imetuwekea funzo katika neno hili. Kigezo cha fundi ni umbo analolifuatisha. Kigezo cha mhakiki ni kipimo anachopimia. Fundi angalipo na vigezo vyake ukutani. Sisi watazamaji ndio tuliopoteza vyetu.

Haikuwa hivi zamani. Mlango wa nyumba ya mawe ulikuwa ni kazi ya kuagizwa. Mwenye nyumba alijua anataka nini: upana wa miimo, urefu wa mfaa, maandishi ya kuwekwa kizingitini, tarehe ya Hijria. Mlango ulipokwisha kusimamishwa, ulikaa mtaani ukitazamwa na kila apitaye, ukilinganishwa na wa jirani wa upande wa pili. Mwenye nyumba aliona fahari au aliona haya, na fundi alipata jina au alilipoteza. Hapakuwa na jarida la uhakiki. Baraza ya nje ndiyo iliyokuwa jarida.

Wala hapakuwa na ukuta baina ya watu wa tungo na watu wa patasi. Ushahidi mkubwa tunao katika Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Wapenzi wa ushairi humjua kwa utendi wake wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913, na kwa miswada mingi aliyoinakili kwa khati nzuri, ambayo imehifadhiwa mpaka leo katika maktaba za Ulaya. Wachache hukumbuka kwamba mtu huyu alikuwa pia mchonga nakshi. Mkono ulioandika beti ndio ulioshika patasi. Tukiuzingatia utendi na mlango pamoja, hatutashangaa. Vyote viwili hujengwa kwa kipande kidogo kinachorudiwa, na katika vyote viwili uzuri hutoka katika namna urudiaji huo unavyozuiwa usichoshe.

Leo vitu hivi viwili vimeachana njia, na tofauti yao ni ya kusikitisha. Mtu akisoma shairi lililopungua mizani mbele ya wajuzi wa Lamu, wa Mombasa au wa Unguja, hatamaliza ubeti wa tatu kabla hajasikia minong'ono. Tunalo neno la kumwambia: shairi lako ni guni. Neno hilo moja limelinda ushairi wetu kwa muda mrefu kuliko zawadi na mashindano. Lakini mlango ukiwa guni tutasemaje? Nakshi ikichimbwa kwa kina cha ukucha tu ili kazi iishe upesi, ua la upande wa kulia likiwa nene kuliko la kushoto, mfaa ukipachikwa maua hata pasibaki mahali jicho likapumzika, twasema nini? Twasema, "Mashaallah, mzuri." Twasema hivyo kwa adabu, na adabu hiyo humnyima fundi haki yake.

Katika karakana moja niliona ubao umegeuzwa uso ukutani. Nilipouliza, fundi aliugeuza. Ulikuwa ni ubao wa kizingiti, umechimbwa karibu wote, kazi ya siku nyingi. Kosa lake lilikuwa dogo: mizabibu miwili iliyotoka pande mbili haikukutana sawasawa katikati, na ua la katikati likawa limeinama kidogo. Mgeni angeununua pasi na kutambua. Fundi hakutaka kuuuza, wala hakutaka kuuchoma. Aliniambia kwamba ulikuwa umekaa pale muda mrefu, na hakuna aliyewahi kuuliza. Nadhani mafundi wa namna hii, wenye kujihukumu wenyewe bila ya msaada wetu, ndio wanaoibeba sanaa hii mgongoni. Lakini mtu hawezi kuwa mtunzi na hadhira yake siku zote.

Tukivuka bahari tukashuka Unguja, twakuta mlango umepata hadhira, tena kubwa, ila ni hadhira ya aina nyingine. Tangu Mji Mkongwe uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu kufuatia mwaka 2001, milango imekuwa sura ya visiwa hivi katika vitabu na kadi za posta. Mgeni huongozwa kutoka mlango hadi mlango na kuambiwa: mnyororo ni ulinzi, samaki ni uzazi, mtende ni neema. Huambiwa pia kwamba njumu za shaba zilikuwa za kuzuia tembo. Hii ya mwisho ina asili yake Bara Hindi, ambako husemwa kuwa miba ya milangoni ilikinga tembo wa vita; hapa Unguja tembo wa vita hawakupata kufika, na njumu zilibaki kuwa pambo na dalili ya ukwasi. Maelezo ya alama nyingine nayo hutolewa kwa uhakika kupita ushahidi uliopo. Sina ugomvi na hadithi tamu. Ugomvi wangu ni kwamba hadithi imechukua nafasi ya jicho. Mtu huondoka akijua samaki ana maana gani, asijue kama samaki yule amechongwa vyema. Hakuonyeshwa hata tofauti iliyo wazi kabisa, baina ya kizingiti kilichonyooka cha milango ya mtindo wa kale na kizingiti cha tao kilichoenea kwa athari ya Kihindi mwishoni mwa karne ya 19.

Karibu na karakana za milango na makasha zimejaa siku hizi karakana za michoro ya Tingatinga. Sanaa hii haikuzaliwa visiwani. Aliianzisha Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, jijini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zinazong'aa na vipande vya ubao wa kugandamiza, naye akafariki mwaka 1972. Katika miaka michache hiyo aliacha wanafunzi, na wanafunzi wakaacha wanafunzi. Wako wanaoidharau wakisema hurudia yale kwa yale: twiga, ndege, mbuyu. Hoja hiyo ni dhaifu, na sisi watu wa ushairi tungekuwa wa mwisho kuitoa. Bahari moja ya shairi hutungiwa na maelfu kwa karne nyingi, na hatusemi kwamba wameigana. Kasoro ya karakana nyingi nilizoziona ni kwamba kurudia kwao hakuna kujibizana. Malenga akichukua mizani ya mwenziwe humjibu, humzidi au humkejeli. Mchoraji akichukua ndege wa mwenziwe humchora vilevile, kwa sababu mnunuzi wa jana alimpenda hivyo na mnunuzi wa leo hakumwona yule wa jana. Asiyerudi hawezi kudai jipya. Ni jirani peke yake anayeweza kusema: huyu ndege nilimwona mwaka jana, umemwongeza nini?

Yapo maneno ya kunijibu, nayo ni ya haki. Fundi atasema kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Kwamba mgeni ndiye aliyenunua kiti na kasha wakati mwenyeji alipokimbilia fanicha za dukani. Kwamba mbao ngumu kama mbambakofi zimekuwa adimu na ghali, na jirani hana uwezo wa kuagiza mlango mzima. Yote ni kweli. Mgeni njoo mwenyeji apone, na fundi wengi wamepona kwa mgeni. Simwombi mtu awafukuze wateja wake. Lakini pesa ya mgeni humlisha fundi. Haimfundishi mwanafunzi wa fundi. Kijana aliyekaa pembeni akipiga msasa hujifunza kwa kusikia kipi kimesifiwa na kipi kimelaumiwa. Akisikia bei tu, atajifunza bei.

Kwa hiyo mtindo ule wa Oxfordshire na San Francisco una la kutufaa, mradi tusiuchukue kama ulivyo. Milango yetu i wazi tayari. Tunachohitaji ni siku ya kuingia. Lamu inazo siku zake, mathalani zile za Maulidi ya Mfungo Sita, ambapo mji hujaa watu kutoka mwambao wote, watu wanaojua Kiswahili, wanaojua khati, wanaojua mizani. Mikutano ya ushairi nayo yaweza kufanyiwa karakanani badala ya ukumbini, washairi wakakaa juu ya mbao. Kila atakayehudhuria aje na swali moja la mjuzi: kwa nini mzabibu umegeuka hapa? Kwa nini umeacha pahala hapa patupu? Ubao gani umeugeuza uso ukutani, na kwa nini?

Kutunza, katika Kiswahili, ni kumpa mtu tuzo, na pia ni kukihifadhi kitu kisiharibike. Ngoma ikichezwa vibaya, hadhira ya kwetu haitoi noti, na mchezaji hujua. Fundi wa nakshi anastahili kuogopa hadhira yake namna ileile, na kuitegemea namna ileile. Mpaka siku hiyo ifike, milango yetu itaendelea kuuzwa na kusafirishwa ng'ambo, na sisi wenyeji hatutakuwa tumeingia hata mara moja kuisoma.