Kukwepa kwa Kusonga Mbele

Watu wengi wakisikia kwamba fulani ni hodari wa kukwepa, humwaza mtu anayerudi nyuma. Katika karate ya kupigana kwelikweli, ile ambayo ngumi hutua kifuani bila glavu na muundi hutua pajani bila kinga, anayerudi nyuma hapati nafuu. Teke la mzunguko huanzia nyongani, na kadiri unavyoshuka kuelekea wayo ndivyo mguu unavyokwenda kasi. Ukirudi hatua moja unajipeleka mwenyewe pale penye kasi yote. Anayemvamia mwenye shoka hadi kifuani huguswa na mpini. Anayesita kwa umbali wa mkono mmoja ndiye hukutana na makali. Salama iko mbele, ila mbele kwa pembeni.

Ustadi huo wa kuingia pembeni na kumzunguka mpinzani Wajapani huuita sabaki, na mtu ambaye jina lake haliachani nao ni Hideyuki Ashihara. Alizaliwa mwaka 1944 katika mkoa wa Hiroshima, akaenda Tokyo angali kijana, na mwaka 1961 akaingia katika dojo (ukumbi wa mazoezi) ya Masutatsu Oyama, Mkorea kwa kuzaliwa, aliyekuwa anaujenga mtindo ambao baadaye ulienea dunia nzima kwa jina la Kyokushin. Wanafunzi wa Oyama walisifika kwa kustahimili. Walipigwa wakabaki wamesimama, kisha wakarudisha. Mashindano yao ya wazi ya Japani nzima yalianza mwaka 1969, na sheria zake zilikuwa chache na kali: ngumi ya uso ni marufuku, teke la kichwa ruksa, na ushindi usio na ubishi ni kumwangusha mwenzako asiweze kuendelea.

Sheria kama hizo hazikosi kuwaumba wapiganaji. Kwa kuwa hakuna anayehofia ngumi ya uso, wawili husogeleana hadi vifua karibu vigusane, wakapeana ngumi za mbavu na mateke ya mapaja mpaka mmoja achoke kuumia. Kuna ushujaa humo, sikatai. Lakini kusema kweli mapambano ya namna hiyo mengi yanachosha kuyatazama, na yanayamaliza magoti na mbavu za watu wangali vijana. Mwenye kifua kipana hushinda, mwembamba huenda kubandika barafu.

Tusimwonee Oyama, hata hivyo. Yeye mwenyewe alifundisha kwamba duara huzaliwa kwenye nukta na kwamba mstari ulionyooka hufuata nyuma ya duara. Aliwahi kujifunza Goju-ryu, mtindo wenye kinga za mikono miwili inayozunguka mbele ya kifua, na alikuwa na rafiki, Kenichi Sawai, aliyekwenda China akasoma kwa mwalimu mkubwa Wang Xiangzhai, kisha akarudi na mapigano laini yasiyogongana na nguvu ya mtu. Kwa hiyo duara lilikuwapo nyumbani. Lilichokosa ni mtu wa kulifanya somo la kila siku, lenye hatua zinazoweza kufundishwa kwa mwanafunzi wa kawaida.

Mtu huyo alipatikana mbali na makao makuu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Ashihara alipelekwa Ehime, katika kisiwa cha Shikoku, kueneza karate kwenye miji midogo. Huko ndiko alikopanga na kupangua namna ya kusimama, kuingia na kugeuka, na mwaka 1980, baada ya kuachana na Kyokushin, akaanzisha chama chake mwenyewe mjini Matsuyama. Hata kata zake, yaani mifuatano ya mienendo ya kujifunzia, alizitunga upya. Badala ya mienendo ya kale ambayo mwanafunzi huambiwa maana yake baadaye, aliweka hatua zilezile ambazo angezihitaji mbele ya mtu anayempiga.

Tuitazame hatua moja kwa karibu. Mmesimama mkitazamana, nyote mguu wa kushoto mbele. Mwenzako anatupa ngumi ya kulia. Mguu wako wa kushoto unateleza mbele na kushoto kwa pamoja, unatua nje ya mkono wake. Wa kulia unafuata, ila haufuati kwa mstari: vidole vinakwaruza sakafu na kuchora tao nyuma yako, hadi kifua chako kinalitazama bega lake la kulia. Kiganja cha kushoto kimeshagusa kiwiko chake kwa nje. Hakikukipiga wala kukizuia, kimekisindikiza tu kule kilikokuwa kinakwenda. Mkono wa kulia umetua nyuma ya shingo yake. Ngumi ingali hewani, inamtafuta mtu aliyekuwa pale.

Sasa pima hali ya kila mmoja. Wewe unaliona sikio lake, ubavu wake, nyuma ya paja lake. Yeye, ili akuone, inambidi aurudishe mkono, auhamishe uzito kutoka mguu wa mbele, ageuze kiuno na apange miguu upya. Kabla hajamaliza la kwanza, wewe umekwishachagua: teke la chini nyuma ya paja, goti la ubavu, au kumvuta shingo kuelekea upande asio na mguu wa kuegemea na kumpiga ngwala. Wala hujatumia nguvu nyingi. Nguvu aliileta yeye.

Kinachonivutia zaidi ni kinachofuata baada ya mkono kukaa shingoni. Mpaka hapo wewe ndiye uliyekuwa ukimzunguka. Kuanzia hapo yeye ndiye anayekuzunguka. Umekuwa kitovu. Mtu aliye mita moja kutoka kitovuni hutembea zaidi ya mita sita kumaliza mzunguko, ilhali aliye kitovuni hugeuka alipo. Ndiyo maana mtu wa kilo sitini huweza kumpepesua mtu wa kilo tisini bila kumbeba: yule mzito analazimika kukimbia ili asianguke, na anayekimbia kwa kulazimishwa hawezi kupiga.

Wapo wanaolipenda duara kwa uzuri wake tu. Wanalicheza taratibu na mwenza mpole anayenyoosha ngumi na kuiacha ining'inie hewani hadi chenga ikamilike. Zoezi hilo lina faida mwanzoni, kwa kuwa miguu hujifunza njia. Likikaa hapo miaka, linageuka mchezo wa jukwaani. Ngumi halisi hurudi haraka kuliko ilivyokwenda, na mara nyingi ya kwanza ni danganyo, inayouma ni ya tatu. Mazoezi ya kugusana kwa nguvu hayana huruma na hatua mbovu: ukichelewa paja linakuambia, na ukiingia kwa pembe finyu mno unakutana na goti. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema sabaki ni njia ya kuyakimbia maumivu. Huwezi kuijua bila kuyapitia, ila inakupa sababu ya kutoyarudia.

Ushahidi kwamba sabaki inafanya kazi upo. Joko Ninomiya, kijana wa Yawatahama hukohuko Ehime, alifundishwa na Ashihara tangu mwanzo, na mwaka 1978 akatwaa ubingwa wa Japani nzima katika mashindano yaleyale ya Kyokushin yanayowapendelea wenye vifua vipana. Mwaka 1988 akaanzisha mtindo wake, Enshin, mjini Denver, Marekani. Mashindano ya mtindo huo, Sabaki Challenge, yaliruhusu kumshika mpinzani kwa mkono mmoja na yakatoa pointi kwa kumwangusha kwa ngwala au mweleka. Badiliko dogo katika sheria, lakini mtu alipewa haki ya kuushika ule mkono au ile shingo, na duara likapata pa kumalizikia.

Ashihara mwenyewe hakuzeeka. Maradhi ya mishipa ya fahamu, yale yanayoipokonya misuli kazi yake kidogokidogo, yalimwondoa mwaka 1995 akiwa na miaka hamsini tu. Chama chake kilishikwa na mwanawe.

Nina neno kwa walimu wa karate wanaosoma haya. Msiifanye sabaki zawadi ya mwenye mkanda mweusi. Anayeihitaji zaidi ni yule binti mwembamba aliyejiandikisha juzi, na yule mzee wa makamo ambaye daktari amekwishamwonya juu ya goti lake. Mfundisheni mwanafunzi hatua ile tangu mwezi wa kwanza, kulia na kushoto, hadi miguu iijue. Kisha mvalisheni mwenzake kinga za miundi na mumwambie apige kwelikweli.