Chambo Kinachoelea

Mtu anayetaka samaki wengi asihangaike na chambo kinachoelea. Samaki aina ya besi hupata sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, na huko ndiko pa kumfuata ukiwa na njaa. Anayeng'ang'ania uso wa maji ana hamu nyingine: kumwona samaki akikata shauri.

Ufundi huu una mizizi Marekani. Huko Dowagiac, Michigan, James Heddon alikuwa akichonga vyambo vya mbao mwishoni mwa karne ya 19, na kampuni yake ndiyo iliyokuja kutoa Zara Spook, kipande chenye umbo la sigara, hakina panga wala mdomo. Ukikivuta tu, kinakuja kama kijiti. Uhai wake umo kwenye kifundo cha mkono wako: unapiga ncha ya ufito kidogo kuelekea chini, unalegeza mshipi papo hapo, nacho kinageuza pua kushoto, unapiga tena, kinageukia kulia. Kulegeza ndiko kugumu. Ni kama ngoma, ambayo hailii vizuri mpaka mpigaji ajue kuinua mkono. Na usifunge mshipi wa fluorokaboni, maana huzama na kuivuta pua chini, ilhali nailoni huzama polepole zaidi.

Kuchagua ni kusoma maji. Alfajiri yakiwa shwari, chambo cha popa, kidogo, kinachotema tone na kunyamaza kinatosha, kwani kelele humfukuza samaki. Upepo ukiuvuruga uso, tafuta chenye panga linalochapa maji, asikie asichoweza kukiona. Penye magugu ni zamu ya chura wa mpira, ambaye ndoana zake mbili zimelala mgongoni, basi anateleza juu ya majani bila kunasa. Huyo ndiye ningempeleka Ziwa Naivasha, Kenya, ambako besi waliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, kando ya mafunjo na magugumaji.

Rangi? Zile za madukani zimepakwa ili zimnase mvuvi. Samaki anatazama kutoka chini, mwanga ukiwa nyuma ya chambo. Anachokiona hasa ni tumbo na kivuli. Mimi natosheka na tumbo jeupe mchana na jeusi usiku.

Kisha maji yanapasuka, na mkono unataka kuvuta. Usivute. Besi humeza kwa kufyonza, na ukiwahi unampokonya tonge mdomoni. Ngoja mpaka uzito wake ufike kwenye ufito. Kwa chura, ngoja zaidi kidogo. Akikikosa, kiache palepale, kitikisike kidogo tu, kwani mara nyingi hurudi. Asiporudi, wapo wanaotupa upesi mnyoo wa plastiki usio na risasi pale pale alipopasua maji, ukazama taratibu mbele yake, wakampata. Wenye msimamo mkali huita huo wizi. Mimi nauona halali, ila samaki huyo sitamsimulia kwa kujisifu.