Watoto 38,589, ila wa Nyalikungu hayumo

Ukianza kufuatilia habari za unene wa watoto na magonjwa ya moyo, utafiti huu utakutana nao tu. Ulichapishwa mwaka 2022 kwenye New England Journal of Medicine na David Jacobs na wenzake. Walichukua vipimo vya watu 38,589 walivyopimwa wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 19, huko Marekani, Finland na Australia, wakawafuatilia kwa wastani wa miaka 35 waone nani amekufa kwa moyo au kiharusi. Miaka 35! Wengi wetu tunaoandika hapa hata umri huo hatujafikisha.

Kazi kubwa, na ilihitajika. Kabla yake tulikuwa na ushahidi kama wa Bogalusa, Louisiana, uliotoka 1998: vijana waliokufa, wengi kwa ajali, walikutwa tayari wana michirizi ya mafuta kwenye mishipa inayolisha moyo. Aliyekuwa na vihatarishi vingi, michirizi yake ilikuwa imetanda zaidi. Ila mchirizi si kifo. Jacobs na wenzake walifika hadi kwenye kifo.

Kinachonikera ni unavyosimuliwa. Vihatarishi vilikuwa vitano: BMI, presha, kolesteroli, trigliseridi na uvutaji sigara ujanani. Alama ya jumla ikipanda kizio kimoja, hatari ya kufa iliongezeka karibu mara 2.7. Kimoja kimoja, sigara ndiyo iliyoongoza. Habari ikifika mtaani, kinachobaki ni "mtoto mnene atakufa kwa moyo" basi.

Sasa ulete ujumbe huo Nyalikungu, pale Maswa, ambako mtoto bonge anasifiwa kwamba ana afya. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. BMI ni kilo ugawe kwa urefu mara urefu. Mtoto akiwa mfupi na mwepesi kwa pamoja, jibu linaweza kutoka "kawaida" kabisa. Namba hiyo haijui kwamba alikosa chakula cha kutosha miaka miwili ya mwanzo.

Na hilo kwa moyo si jambo dogo. Tangu 1986 Barker na Osmond walionyesha kwamba sehemu za Uingereza zilizokuwa na vifo vingi vya watoto wachanga zamani ndizo zilizokuja kuwa na vifo vingi vya moyo. Tafiti zilizofuata ziliwanyooshea kidole waliozaliwa na uzito mdogo, hasa wakinenepa baadaye. Yaani huenda wa kuangaliwa ni yule mwembamba aliyekulia michembe na uji mwepesi, anayekuja kukutana na soda na chipsi mayai akiwa sekondari. Uzito wa kuzaliwa haumo kwenye alama ya Jacobs.

Mama wa Nyalikungu akiambiwa apunguze chakula, atakayepunguziwa ni nani: bonge mmoja, au wadogo zake watatu wanaokula naye sinia moja?

Ningeanza na presha, maana ni kipimo rahisi na hakimgusi mtu sahani yake. Lakini kliniki ya mtoto inaishia miaka 5. Baada ya hapo, mzani na mashine ya presha anaviona siku akiugua.